Nani Amchagulie Mtoto Masomo ya Juu?

Katika muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha mada ya upimaji wa maendeleo ya wanafunzi, mwanachuo mmoja alisimama akauliza: "Mkufunzi, twaambiwa kila siku kwamba mtoto apewe kazi inayolingana na uwezo wake. Sasa huo uwezo wake nitaujuaje, nami nina watoto 80 darasani?" Wenzake walicheka, lakini swali lenyewe halikuwa la mzaha, nami sikuweza kulijibu papo hapo kwa namna ya kuniridhisha. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Nimeona vyema kulijibu kwa kupitia mbali kidogo, yaani kwa kutazama jinsi shule za sekondari za Marekani zinavyoamua ni mwanafunzi yupi aruhusiwe kusoma masomo ya ngazi ya juu.

Nchi hiyo sikuichagua kwa sababu yafaa kuigwa. Nimeichagua kwa kuwa huko uamuzi huo umeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa shule na walimu, kisha ukapelekwa mahakamani, ukatungiwa sheria na kufanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Huku kwetu Tanzania mlango wa Kidato cha Tano hufunguliwa na matokeo ya mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, na mwalimu wa darasa hana sauti kubwa katika jambo hilo. Huko mwalimu anayo sauti, na kwa sababu hiyo makosa yake huonekana wazi zaidi. Tena, kama tutakavyoona, mwalimu mwenye sauti hiyo mara nyingi si wa sekondari hata kidogo. Ni mwalimu wa shule ya msingi.

MUUNDO WA SHULE ZENYEWE

Marekani hakuna mtaala mmoja wa taifa. Elimu ni jukumu la majimbo 50, nayo majimbo huzikabidhi wilaya za shule sehemu kubwa ya kazi. Wilaya hizo ni zaidi ya 13,000. Mtoto husoma kuanzia darasa la 1 hadi la 12, na sekondari ya juu aghalabu ni darasa la 9 hadi la 12, kwa vijana wa umri wa miaka 14 hadi 18 hivi. Ndani ya shule moja, somo moja laweza kufundishwa katika viwango mbalimbali. Kipo kiwango cha kawaida, kipo kilicho kizito zaidi kidogo, na juu yake yapo masomo ya kiwango cha chuo kikuu yanayofundishwa katika sekondari ile ile.

Mpango unaojulikana zaidi wa masomo hayo ni ule uitwao Advanced Placement, unaoendeshwa na shirika la College Board tangu mwaka 1955. Kila mwezi wa Mei wanafunzi hufanya mtihani, na matokeo hutolewa kwa alama 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi kuwa amekwisha kusoma somo hilo, ingawa vyuo vingine hudai 4 au 5. Si vigumu kuona kwa nini wazazi huyapigania masomo haya: humpunguzia kijana gharama ya chuo, na huonekana vizuri katika barua ya maombi. Mtihani wenyewe ni mmoja kwa nchi nzima, lakini ruhusa ya kuingia katika darasa linaloutayarisha hutolewa na kila shule kwa utaratibu wake.

NGAZI YA HISABATI

Ningependa tukae kidogo katika somo la hisabati, kwa kuwa ndilo linaloonyesha mambo haya kwa uwazi kuliko jingine lolote.

Huko, kilele cha hisabati ya sekondari huhesabiwa kuwa kalkulasi. Ili mwanafunzi asome kalkulasi katika darasa la 12, hana budi awe amemaliza kwa kufuatana Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, na somo la matayarisho ya kalkulasi. Kila moja huchukua mwaka mzima. Hebu tuhesabu kwa kurudi nyuma. Kalkulasi ni darasa la 12. Matayarisho yake ni darasa la 11. Aljebra ya Pili ni la 10. Jiometri ni la 9. Basi Aljebra ya Kwanza haina budi kusomwa darasa la 8. Lakini katika utaratibu wa kawaida Aljebra ya Kwanza husomwa darasa la 9. Kwa hiyo mtoto anayefuata njia ya kawaida bila kufeli hata mara moja, na bila kukosa hata siku moja ya shule, humaliza darasa la 12 akiwa bado yu katika matayarisho. Amepungukiwa na ngazi moja tu, na ngazi hiyo hakuipoteza katika sekondari.

Aliipoteza wapi? Ili Aljebra isomwe darasa la 8, mambo ya darasa la 6, la 7 na la 8 hubanwa yakasomwa kwa miaka miwili. Uamuzi wa kumtia mtoto katika njia hiyo ya haraka, au kumwacha katika njia ya kawaida, hufanyika katika wilaya nyingi mwishoni mwa darasa la 5, mtoto akiwa na umri wa miaka 10 au 11. Basi mwalimu wa darasa la 5, ambaye pengine hajapata kufundisha kalkulasi maisha yake yote wala hafikirii jambo hilo hata kidogo, anapotia alama katika fomu kwamba mtoto fulani "bado hajawa tayari", huwa ameandika tayari sehemu ya cheti cha darasa la 12.

Zipo njia za kuipata tena ngazi iliyopotea. Mwanafunzi aweza kusoma somo moja wakati wa likizo ndefu, au kusoma Jiometri na Aljebra ya Pili kwa pamoja katika mwaka mmoja. Lakini njia hizi zataka fedha, au nafasi, au mtu mzima anayejua kwamba zipo. Mtoto hawezi kuomba kitu asichojua kuwa kipo.

FOMU YA MWALIMU

Katika miezi ya mwanzo wa mwaka, masomo yao yakiwa yanaelekea ukingoni, kila mwalimu hupewa orodha ya wanafunzi wake na kutakiwa kupendekeza kiwango cha kila mmoja kwa mwaka unaofuata. Mapendekezo hayo hupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi. Mshauri huyalinganisha na mambo mengine mawili: alama za darasani, ambapo shule nyingi hudai B au zaidi katika somo lililotangulia, na matokeo ya mtihani fulani wa wilaya au wa jimbo. Vitu hivyo vitatu vikikubaliana hakuna tatizo. Tatizo huanza vinapopingana.

Alama za darasani zaonekana kuwa kitu kigumu kisichoyumba, lakini sivyo. Alama ya B huchanganya mambo mengi: majaribio, kazi za nyumbani, kuwahi, unadhifu wa daftari, hata kushiriki darasani. Mtoto mmoja aweza kupata B kwa kuwa ameielewa hesabu yote ila hakuleta kazi za nyumbani. Mwingine aweza kupata B kwa kuwa huleta kila kazi kwa wakati, kwa mwandiko wa kupendeza, ingawa amekariri hatua tu bila kujua maana yake. Fomu haionyeshi tofauti hiyo. Wote wawili ni B.

Pendekezo la mwalimu lilikusudiwa kuziba pengo hilo, kwa kuwa mwalimu ndiye anayewajua watoto. Mara nyingi huliziba. Lakini mwalimu naye ni binadamu, naye humwona kwa urahisi zaidi mtoto anayenyosha mkono, anayezungumza lugha ya shule kama ilivyo nyumbani kwake, ambaye mama yake hufika shuleni na kumsalimu mwalimu kwa jina. Mtoto mtulivu wa nyuma haonekani. Mtoto mtundu huonekana, ila huonekana kwa utundu wake.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha habari za jaribio walilofanya katika shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, wapatao mmoja katika kila watano, walikuwa wakaribia kuchanua kiakili. Ukweli ni kwamba majina hayo yalikuwa yametolewa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, watoto waliotajwa katika darasa la 1 na la 2 walionekana kuwa wameendelea zaidi ya wenzao katika kipimo cha akili. Yapasa niseme wazi kwamba wataalamu wengi walilikosoa jaribio hili, na wengine wameona kuwa athari ya matarajio ya mwalimu ni ndogo kuliko ilivyodaiwa. Hata hivyo, sijapata kuona mtu anayedai kuwa haipo kabisa.

Mzazi naye ana neno. Shule nyingi humruhusu kutia sahihi fomu ya kuukataa ushauri wa shule na kumweka mwanawe katika kiwango cha juu. Jambo hili laonekana kuwa la haki, na kwa mtoto mmoja mmoja huenda ni la haki kweli. Lakini tazama ni nani aijuaye fomu hiyo. Ni mzazi aliyesoma, au mwenye jirani aliyesoma. Mzazi afanyaye kazi ya usiku, au asiyejua Kiingereza vizuri, huupokea ushauri wa shule kama amri.

Lipo na jambo jingine lisiloandikwa katika fomu yoyote: idadi ya viti. Darasa la kalkulasi hufunguliwa iwapo yupo mwalimu wa kulifundisha na wapo wanafunzi wa kulijaza. Shule ndogo ya shamba yaweza isiwe nalo kabisa. Penye mwalimu mmoja na viti 30, "uwezo" wa mwanafunzi wa 31 hupungua ghafula.

MIKONDO MBELE YA JAJI

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi zao. Miaka miwili baadaye shule za mji mkuu, Washington, zilianza kuwagawa wanafunzi wa sekondari ya juu katika mikondo minne kwa uwezo: mkondo wa heshima, wa kwenda chuo, wa jumla, na wa msingi. Utaratibu huo ulitetewa kuwa wa kitaalamu. Kila mtoto angepata kinachomfaa.

Mwananchi mmoja mweusi, Julius Hobson, aliushitaki, na mwaka 1967 Jaji J. Skelly Wright alitoa hukumu. Alikuta kwamba watoto weusi na maskini walikuwa wamerundikana katika mikondo ya chini. Vipimo vilivyotumika kuwagawa vilikuwa vimesanifiwa hasa kwa watoto weupe wa tabaka la kati, kwa hiyo havikuweza kuueleza vema uwezo wa watoto ambao hawakulelewa katika mazingira hayo. Tena, na hili ndilo ambalo ningeomba kila mwanachuo alizingatie, mtoto aliyewekwa mkondo wa chini alifundishwa mambo machache na mepesi, hivyo kila mwaka akazidi kuachwa nyuma, na kule kuachwa nyuma kukawa ushahidi kwamba aliwekwa mahali panapomfaa. Jaji aliamuru mikondo hiyo ifutwe.

Hukumu hiyo ilihusu mji mmoja. Kwingineko mikondo iliendelea kwa majina mbalimbali. Mwaka 1985 Jeannie Oakes alitoa kitabu kilichotokana na uchunguzi wa shule 25, akaeleza jinsi madarasa ya chini yalivyopewa kazi za kunakili na kujaza nafasi, huku madarasa ya juu yakipewa kazi za kufikiri na kujadiliana. Tangu wakati huo utengano wa moja kwa moja umepungua. Siku hizi mwanafunzi aweza kuwa katika kiwango cha juu cha historia na cha kawaida cha hisabati. Lakini ngazi ile ya hisabati niliyoieleza bado ipo.

KUPIMA WOTE, BADALA YA KUNGOJA WATAJWE

Wilaya ya Broward, katika jimbo la Florida, ni miongoni mwa wilaya kubwa za shule nchini humo. Kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi waliingizwa katika mpango wa wenye vipawa iwapo mwalimu au mzazi aliwataja. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2005/06 wilaya iliacha kungoja watajwe, ikawapa watoto wote wa darasa la 2 kipimo kifupi cha maumbo na mpangilio wake, kisichohitaji maneno mengi. Waliofanya vizuri ndio waliopelekwa kwa mwanasaikolojia kwa kipimo kamili.

Wanauchumi David Card na Laura Giuliano waliyachunguza matokeo yake na kuyachapisha mwaka 2016. Idadi ya watoto weusi walioingia iliongezeka kwa asilimia 80, na ya wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa asilimia 130. Kiwango cha kufuzu hakikushushwa kwa ajili yao. Watoto hao walikuwapo darasani siku zote, mbele ya macho ya walimu wao, ila hakuna aliyewataja. Walimu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wakitafuta mtoto wa namna waliyoizoea. Baadaye fedha zilipopungua, kipimo cha watoto wote kilisimamishwa, na tofauti za awali zikarudi.

Majimbo kadhaa yamechukua njia inayofanana na hiyo katika hisabati. Sheria ya North Carolina ya mwaka 2018 yaagiza kwamba mtoto aliyepata daraja la juu kabisa katika mtihani wa hisabati wa mwisho wa mwaka awekwe katika hisabati ya juu mwaka unaofuata, iwapo shule inayo, wala asiondolewe bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Texas ilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba asilimia 40 ya juu katika mtihani wa hisabati wa darasa la 5 waingizwe katika hisabati ya haraka darasa la 6, isipokuwa mzazi akikataa. Hapa utaratibu umegeuzwa. Zamani ilibidi mtu aombe mtoto aingizwe. Sasa yabidi mtu aombe mtoto atolewe. Kwa mtoto ambaye hana wa kumwombea, mageuzi hayo madogo ya maneno ni makubwa sana.

San Francisco ilijaribu njia nyingine kabisa. Mwaka 2014 iliondoa Aljebra katika darasa la 8 ili watoto wote waisome darasa la 9 pamoja, bila kutenganishwa mapema. Wazazi wenye uwezo waliwalipia watoto wao Aljebra nje ya shule. Mwaka 2024 bodi ya shule iliamua kuirudisha. Mimi naona kosa halikuwa nia; kosa lilikuwa kudhani kwamba ukiondoa ngazi nyumbani kwako, jirani naye hatakuwa na ngazi.

HABARI KUTOKA KENYA

Baada ya kusoma haya mwanachuo aweza kuharakisha kusema kwamba kuwagawa watoto kwa uwezo ni dhambi. Taratibu. Lipo jaribio lililofanyika karibu nasi, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2005. Shule za msingi 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja kubwa zilipewa mwalimu wa ziada ili darasa ligawanywe mara mbili. Katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nyingine waligawanywa kwa alama zao za mwanzo, wenye alama za juu huku na wenye alama za chini kule. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2011. Katika shule zilizogawa kwa alama, watoto wa makundi yote mawili, pamoja na wale wa kundi la chini, waliendelea zaidi kuliko watoto wa shule zilizogawa kwa bahati nasibu.

Je, jaji wa Washington alikosea? Sidhani. Tutazame tofauti. Huko Kenya makundi yote mawili yalikuwa katika mtaala mmoja, yakapata walimu bila upendeleo, na mwalimu wa kundi la chini aliweza kuanzia pale watoto walipokuwa badala ya kuwafuata wachache walio mbele. Huko Washington kundi la chini lilipewa mtaala mwingine, mwembamba, na mlango wa kupandia ulikuwa finyu. Kugawa ili kumfundisha mtoto kitu kile kile kwa mwendo anaouweza ni jambo moja. Kugawa ili kumnyima kitu hicho ni jambo jingine, ingawa siku ya kwanza, ukichungulia dirishani, madarasa hayo mawili yaweza kufanana kabisa.

Kuna mwalimu mmoja wa Kimarekani ambaye habari zake zafaa kusimuliwa hapa, naye ni Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia. Alianza kufundisha mwaka 1974 katika shule ya Garfield, mashariki ya Los Angeles, kwa watoto wengi wao wa familia maskini zenye asili ya Meksiko. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa kalkulasi wa Advanced Placement. Wasahihishaji waliwatilia shaka 14 kati yao kwamba walidanganya. Kati ya hao, 12 waliufanya tena chini ya usimamizi mkali, na wote 12 wakafaulu. Mwaka 1988 ilitengenezwa filamu, na watu wengi walioitazama walidhani kwamba Escalante aliwatoa watoto katika hesabu za kujumlisha hadi kalkulasi kwa mwaka mmoja wa hamasa. Haikuwa hivyo. Ilimchukua miaka kadhaa kujenga masomo ya chini yake, kuandaa madarasa ya likizo, na kushirikiana na wenzake waliofundisha ngazi za awali. Alijua kwamba akingoja watoto wamfikie darasa la 12, hakuna atakayefika.

DAFTARI LENYE TAREHE

Sasa nirudi kwa mwanachuo wetu na watoto wake 80.

Wakati fulani nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwanachuo niliyemkagua alikuwa amewakalisha watoto wa darasa la sita kwa makundi matatu ya uwezo, akafundisha vizuri. Baada ya somo nilimwuliza aliyapataje makundi yale. Akasema alipewa orodha na mwalimu wa darasa. Nilimwendea mwalimu wa darasa, naye, kwa upole mwingi, akaniambia aliikuta orodha kwa mwalimu wa darasa la nne. Tulipoitazama pamoja, tulikuta ndani yake jina la mtoto aliyekuwa amekwisha kuhama shule. Orodha ilikuwa na umri wa miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili watoto 23 wa kundi la tatu walikuwa wakipewa maswali 5 wenzao walipopewa 10. Nilimshauri mwanachuo awape wote zoezi moja wiki ile. Watoto 6 wa kundi la tatu walipata alama zilizolingana na za kundi la kwanza. Mmoja wao, msichana mrefu aliyekaa karibu na dirisha, aliniuliza kama ameruhusiwa kufanya na yale maswali mengine matano.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, usianze na orodha uliyoikuta. Anza na zoezi moja fupi kwa watoto wote, lile lile, bila kumwacha yeyote kwa sababu ya sifa yake. Kisha lisome kwa makini kuliko kulisahihisha. Chukua watoto wawili waliopata 6 kati ya 10 katika zoezi la sehemu. Wa kwanza alikosa manne kwa kuwa kila mahali ameandika 7 × 8 = 54, ingawa njia yake yote ni sahihi. Wa pili alikosa manne yote ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Alama zao ni sawa, lakini hali zao si sawa hata kidogo. Wa kwanza ahitaji jedwali la kuzidisha kwa siku chache na yu tayari kwenda mbele. Wa pili hajaelewa bado sehemu ni kitu gani. Ukimpeleka mbele atakariri, ukimrudisha nyuma kabisa atachoka. Mahitaji yake ni mkate uliokatwa mbele ya macho yake, au karatasi iliyokunjwa, na mazungumzo ya dakika chache.

Utasema: dakika chache kwa watoto 80 zitatoka wapi? Usiwachukue wote siku moja. Chagua 10 kwa siku, ukae na kila mmoja wakati wenzake wakifanya zoezi, umwombe akueleze kwa mdomo swali moja alilopata na moja alilokosa. Kwa siku 8 za shule utakuwa umewamaliza. Waanze wale usioweza kukumbuka sauti zao. Hao ndio walioachwa na kila orodha.

Andika unachokiona katika daftari kwa maneno ya kazi, wala si kwa maneno ya tabia. "Hawezi kulinganisha asili" ni taarifa ambayo mwenzako aweza kuifanyia kazi. "Mzito" si taarifa. Ukipenda kuandika juu ya utoro au utundu, tenga ukurasa mwingine, ili usije ukaadhibu kelele za mtoto kwa kumnyima hesabu. Makundi yako yabadilishe kila baada ya wiki nne au tano, kwa zoezi jipya, nao watoto wajue kwamba hubadilika. Kundi la mwisho lipe maswali machache ya kuanzia ikiwa ni lazima, lakini yaache maswali yote ubaoni, kila mtoto ayaone.

Siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka, mpe daftari hilo mwalimu anayepokea darasa, na uhakikishe kwamba kila zoezi lililomo lina tarehe yake.